Mlingoti kwa Sindano

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Huku tunaendelea. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe na mpaka sasa halijavuja, ingawa mvua nayo haijanyesha. Miwani mipya inanibana pua. Mwambie Mama zile dawa za kikohozi nimezimaliza na kikohozi kimebaki palepale. Shemeji mwambie redio yake niliyochukua kuitengeneza bado iko mezani imefunguliwa tumbo, asiniulize.

Tangu mlipoondoka msibani nyumba imekuwa kubwa. Tumebaki wawili, mimi na mwanangu, huyo Mlingoti wenu. Tunajitahidi.

Sasa jambo lenyewe. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza, halafu tukimaliza kila mtu anakumbuka anachotaka. Mimi nimekaa kiwanda cha chapa miaka ishirini na sita. Neno likishaingia kwenye karatasi halikimbii.

Nataka tubadilishane wachezaji. Mimi nikupe Mlingoti, wewe unipe Sindano.

Usicheke kwanza, fikiri kama kocha. Timu yako ya hospitali haina mtu mrefu. Kila mpira unaogonga ubao mnautazama ukichukuliwa na wenzenu. Timu yangu ya kiwanda inao warefu wengine wawili, lakini haina mtu wa kuuleta mpira mbele. Sindano anaupenyeza mpira hata pasipo na tundu. Wewe una nilichokosa, mimi nina ulichokosa. Na kwa kuwa ligi yetu ya kikapu haimruhusu mtu kuchezea mahali asipoajiriwa, meneja wangu amekwisha kubali: Mlingoti atoke chumba cha kujalidi vitabu, Sindano ashike nafasi yake. Ninyi mtamweka Mlingoti chumba cha kufulia.

Dirisha la uhamisho linafungwa tarehe 30 Aprili. Fomu inataka sahihi nne, za makocha wawili na wachezaji wawili. Timu zote mbili zinafaidika. Sioni cha kujadili sana.

Kaka yako


16 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imelala siku tatu ofisini kwa muuguzi mkuu kwa sababu kwenye bahasha uliandika "Kocha". Hapa hospitali kocha hawamjui. Wanamjua msimamizi wa chumba cha kufulia. Safari nyingine andika hivyo.

Sisi wazima. Mama macho yanamsumbua, lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Nilipokuwa nasoma barua yako kimya akaniuliza, "Mume wangu yumo humo?" Ndivyo anavyomwita mjukuu wake tangu akiwa kwenye nepi. Nikamwambia, mume wako anabadilishwa na mtu mfupi. Amesusa chai mpaka jioni.

Nimesoma hilo jambo lako mara tatu, na mara zote tatu limenikera. Mtu hatoi ng'ombe akapokea mbuzi halafu akasema wote tumefaidika. Mlingoti ana miaka ishirini na mbili na hakuna anayemfikia chini ya kikapu. Sindano ana thelathini na moja. Kifundo chake cha kushoto kiliteguka mwaka juzi, na siku za baridi anachechemea ingawa anajifanya anatembea kwa maringo. Nakwambia haya kwa sababu wewe ni kaka yangu. Angekuwa kocha mwingine ningenyamaza, nikasaini haraka kabla hajazinduka.

Ni kweli Sindano ana akili ya mpira. Anaona pasi kabla wenzake hawajajua kama wako uwanjani. Lakini pasi hizo alikuwa akiwapa watu wangu waliomzoea. Huko kwenu atampa nani, hao warefu wako wawili wenye mikono ya siagi? Nawafahamu. Na tena hataki kuja. Mama mkwe wake anaishi mtaa wa pili kutoka kwenu. Amesema bora acheze na mguu mmoja hapa kuliko miwili huko.

Halafu nikuulize. Mtoto mwenyewe anasemaje? Barua nzima umemwandika kama kabati linalohamishwa chumba. Huyo ni mwanao wa pekee, na mama yake hajamaliza miezi mitatu kaburini. Wifi angekuwa hai usingethubutu kuniandikia hivi, na unajua.

Nitumie zile karatasi zako za mechi, unazoandika mwenyewe pale benchi. Kama ni biashara ya makocha, basi tuifanye kikocha.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama anywe chai yake. Kikohozi kimepungua. Jirani yetu, mke wa fundi viatu, bado anatuletea maharage kila Jumapili na hatujui tumwambie vipi aache.

Umeandika kurasa mbili za maneno na nusu ukurasa wa mpira. Nijibu mpira.

Kifundo cha Sindano nakijua. Nilikuwepo kilipoteguka, nilikaa safu ya pili. Simtaki akimbie, namtaka afikiri. Msimu huu tumepoteza mechi nne mfululizo, na zote nne mpira ulipotea kabla haujavuka nusu ya uwanja. Ana faida gani mtu wa kudaka mpira chini ya kikapu kama mpira wenyewe haufiki kwenye kikapu? Mlingoti anasimama kule mbele ameinua mkono dakika nzima. Kwenu mpira utamfikia. Kwa hiyo hata yeye anafaidika, kama hilo ndilo swali lako.

Karatasi za mechi zote tisa za nusu ya kwanza ya msimu nimezitia humu. Usizikunje. Kila mchezaji ana mstari wake, umegawanywa robo nne. Duara ni ribaundi, mpira uliodakwa baada ya kugonga ubao, kistari ni pointi, msalaba ni mpira uliopotezwa. Hesabu misalaba tu, utaelewa ninachosema.

Fomu pia imo. Sahihi yangu ipo tayari, na ya Mlingoti. Zimebaki zenu mbili.

Kaka yako


15 Machi

Kaka, shikamoo.

Nyumbani salama. Shemeji yako amepata redio nyingine, kwa hiyo ile ya kwako ikifa izike tu. Mama amekubali kuvaa miwani, ila anaivaa akiwa amelala.

Nilizitandaza karatasi zako juu ya meza ya kupigia pasi baada ya zamu ya asubuhi, shuka zote zikiwa zimekwisha kukunjwa. Misalaba nimeihesabu. Umesema kweli, watu wako wanapoteza mpira kama wanagawa. Timu yako inamhitaji Sindano. Hapo nimekubali.

Lakini mimi, kaka, nimezoea kuhesabu shuka. Zinaingia mia mbili, lazima zitoke mia mbili. Nikajumlisha mistari yako. Mechi ya saba umeandika juu kwamba mlipata pointi sitini na moja. Nikijumlisha wachezaji wote napata arobaini na mbili. Pointi kumi na tisa nani alizifunga? Mechi ya tisa zimepotea kumi na sita. Nikarudi nyuma karatasi moja moja mpaka ya sita, na kila mahali mstari ulio mtupu ni mmoja. Namba kumi na nne. Namba ya mtoto wako.

Kwanza nikadhani hakucheza. Nikasema sawa, msiba, amepumzishwa. Nikampigia simu nahodha wako, yule fundi mitambo. Kashangaa. Anasema Mlingoti hajakosa mechi hata moja, tena amecheza dakika zote, na mechi ya saba alidaka mipira kumi na tano. Kwenye karatasi yako hana hata duara moja.

Halafu nikaona kingine ambacho kimeninyima raha. Mechi nne za kwanza mstari wake umejaa mpaka ukingoni. Mechi ya tano, ile ya siku aliyofariki wifi, kuna maduara tisa. Yote ni nusu ya kwanza. Kuanzia mapumziko, tupu. Na nahodha wako anasema nusu ya pili alicheza.

Wewe ni mtu ambaye ukikuta herufi imekaa upande kwenye kitabu cha watu unarudisha mashine nzima. Usiniambie ulisahau.

Nilimpigia simu na Mlingoti mwenyewe. Akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya bibi yake. Nilipogusa uhamisho akasema, "Shangazi, niko tayari kuja hata kesho. Ila usiniulize." Sasa baba anataka mtoto aende, mtoto anataka kwenda, na wote wawili hamtaki kuulizwa. Mimi nimewekwa hapa katikati niwe muhuri.

Sisaini mpaka uniambie kuna nini.

Mdogo wako


24 Machi

Nilikuomba mchezaji, sikukuomba ukaguzi.

Karatasi zile ni zangu, nimeziandika kwa penseli yangu, na ninavyoziandika ni juu yangu. Kama humtaki Mlingoti sema humtaki. Kocha wa kiwanda cha saruji ameniulizia habari zake mara mbili. Yeye hana tabia ya kupigia simu manahodha wa watu.

Dirisha linafungwa tarehe 30 Aprili. Kama unasaini, saini. Kama husaini, nirudishie fomu.

Kaka yako


30 Machi

Kaka, shikamoo.

Naiweka hapo juu ingawa barua yako haikuwa na salamu. Mama alitaka nimsomee. Nilishika ile karatasi nikamtungia: kaka anakusalimu sana, kikohozi kimeisha, anakuletea kitenge. Kwa hiyo una deni la kitenge kwa uongo ulioniponza mimi.

Ukitaka kumpa kocha wa saruji, mpe. Unajua mwenyewe anavyowafanya wachezaji wake. Unatishia kumchoma mwanao ili nikimbie na maji. Nimechoka, kaka. Tangu utotoni ukikosea unakuwa mkali, na sisi wengine tunaanza kukuomba radhi kwa kosa lako. Ulivunja kioo cha jirani, mimi nikachapwa, na jioni ulikuwa umeninunia mpaka nikakupa kipande changu cha mkate. Sasa nina miaka arobaini na nne. Mkate sikupi.

Nitakuambia ninachokiona, na wewe utakanusha kama unaweza. Siku ile ya mechi ya tano kuna jambo lilitokea wakati wa mapumziko. Msibani ulituambia wote kwamba habari za wifi zilikufikia mwisho wa mechi, mkakimbia hospitali mkakuta ameshafariki. Hakuna aliyekuuliza zaidi, maana nani anamuuliza mfiwa saa ngapi. Mimi sasa nauliza.

Fomu iko kwenye droo yangu, chini ya vitabu vya zamu. Haijachanika na haijasainiwa. Sindano nimekwisha kumlainisha kidogo, usiniulize vipi. Kilichobaki ni wewe.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama salamu za leo ni zangu kweli. Kitenge nitakitafuta.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi kule kazini, na ya nne ndiyo hii. Usimsomee Mama.

Siku ile tulicheza na saruji. Wifi yako alikuwa amelazwa tangu juzi yake, na asubuhi daktari alituambia anaendelea vizuri. Hayo unayajua. Wakati wa mapumziko mke wa fundi viatu alikuja mpaka benchi, anahema, akanipa kijikaratasi. Hakukaa, alirudi mbio kwa mgonjwa. Kilikuwa na maneno manne: Kazidiwa. Anamwita mwanawe. Njooni.

Nilikisoma. Nikamtazama Mlingoti. Alikuwa kule bombani anakunywa maji, hakumwona, na katika nusu ile alicheza namna ambayo sijawahi kumwona akicheza. Nikajiambia, ni nusu saa tu. Nikajiambia wagonjwa huzidiwa kisha wakapata nafuu. Nikakikunja nikakitia mfuko wa suruali, nikawaambia vijana tusilegeze. Hospitali ya huku iko mtaa wa tatu kutoka uwanjani, mtu anafika kwa miguu kabla jasho halijakauka. Tulipofika walikuwa wamekwisha kumfunika.

Nikamwambia habari imekuja mwisho wa mechi. Nikawaambia na ninyi. Siku ya tatu ya msiba mke wa fundi viatu alikuwa anaongea na wenzake, bila ubaya wowote, akasema alikimbia mapema mpaka uwanjani tukiwa bado mapumziko. Mlingoti alikuwa amesimama hapo na ndoo ya maji.

Akanifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa napanga viti. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Aliniuliza swali moja tu: "Tulikuwa tunaongoza kwa ngapi?" Nikamjibu, kumi na mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kunisaidia kupanga viti.

Tangu siku ile hajanikosea adabu hata mara moja. Ningefurahi anikosee. Shikamoo anatoa, ila anaupa mlango. Zamu yake ya kupika anapika. Lakini ananiita Kocha. Uwanjani Kocha, kazini Kocha, na nyumbani mezani, "Kocha, naomba chumvi." Najaribu kuanza kusema naye, na ananisikiliza kama anavyosikiliza maelekezo ya mchezo, mikono kiunoni, macho chini. Nikimaliza anasema sawa, anaondoka.

Umeuliza ile mistari mitupu. Ilianza palepale, robo ya tatu, kijikaratasi kiko mfukoni. Penseli naishika, namba naiona, mkono hauandiki. Kumwandika mtu lazima umtazame kila anaporuka. Mimi nikimtazama mwanangu anaruka nahisi ile karatasi pajani. Basi nikawa naandika wengine.

Na ulitilia shaka kama timu zote mbili zinafaidika. Yako inafaidika. Yangu haifaidiki, au inafaidika kidogo sana, na nilijua hivyo kabla sijakuandikia. Misalaba ningeweza kuipunguza kwa mazoezi. Nilijiambia nikimwachia aende kwako atapumua. Huo nao ni uongo. Nilitaka nipumue mimi.

Sasa unajua. Fanya unavyoona.

Kaka yako


26 Aprili

Kaka, shikamoo.

Fomu hii hapa, sahihi zote nne zipo. Nimeituma kwa mkono wa dereva wa gari la dawa ili ifike kabla ya tarehe 30. Nimeshindwa kuisubiri posta, na wewe nimeshindwa kukusubiri zaidi.

Nilisoma barua yako nimekaa juu ya kapu la shuka chafu. Nimekukasirikia, na sitaki uipambe hasira yangu uifanye huzuni. Wifi alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu. Mimi ndiye niliyekuonyesha wewe kwake, na alisema una masikio makubwa, nikakutetea. Alimwita mwanawe, kaka. Uliruhusu aite bure kwa sababu ya mechi mliyokuwa mnaongoza. Sikusamehe. Wala sikukatalii msamaha. Si mimi niliyeulizwa "Kocha, naomba chumvi", si wangu wa kutoa.

Uamuzi wangu ni huu. Namchukua Mlingoti, na simchukui kwa ajili ya ribaundi, ingawa Mungu anajua tunazihitaji. Namchukua akae na bibi yake, apate mahali pa kulia, maana nina hakika huko kwenu hajalia. Atalala chumba cha uani. Kazini atashika mashine ya pili ya kufulia, ile inayotingishika. Inataka mtu mzito wa kuiegemea.

Sindano anakuja. Mkewe amesema anamkumbuka mama yake, na muuguzi mkuu amechoka na mpira kugonga ukuta wa wodi, kwa hiyo Sindano alipigiwa kura akashindwa. Mtendee vema. Kifundo akikanda kwa maji ya moto asubuhi kinamtii mpaka mchana.

Mimi sitakusemea. Usiniandikie "mwambie mtoto hivi, mwambie mtoto vile". Nimekuwa muhuri wenu vya kutosha. Nina sharti moja tu. Mwezi wa sita timu zetu zinakutana, kwenu. Utakaa benchi na karatasi yako kama kawaida, na utawaandika wachezaji wangu kama unavyowaandika wa kwako. Wote. Kocha mwenye akili humwandika na mpinzani. Utamtazama kila akiruka, hata kama hiyo karatasi itakuchoma paja.

Mdogo wako


23 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitenge cha Mama kimo kwenye kifurushi hiki, cha rangi ya kahawia, akilalamika mwambie ndicho alichokiomba kwenye barua uliyomtungia.

Mmetufunga sitini na nne kwa hamsini na saba. Sitafuti visingizio. Sindano alicheza vizuri kuliko tulivyostahili. Mama mkwe wake sasa anakuja mpaka mazoezini, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumwambia wa kumpa pasi, na linaloniudhi ni kwamba mara nyingi yuko sahihi. Misalaba yetu imepungua nusu. Mpira unavuka. Kwa hiyo lile nililokuandikia Februari kwa uongo limekuwa karibu na kweli, na sijui nijisikie vipi.

Ulipita mezani kwangu mwisho wa mechi ukanisalimu na hukuuliza kitu. Nakushukuru kwa hilo. Yeye hakupita. Nilimwona anafunga kamba za viatu muda mrefu kuliko kamba zenyewe, kisha akaondoka na wenzake. Amenenepa kidogo. Anacheka na vijana wako, nimemsikia.

Nimetimiza sharti. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Ni ya timu yako peke yake, watu kumi. Namba kumi na nne mmempa tena, nikaipata kwa urahisi. Nimemwandika kuanzia mpira wa kwanza kurushwa mpaka filimbi ya mwisho. Utaona duara la pili limekaa kama yai, mkono ulikuwa bado haujazoea. Baada ya hapo yananyooka. Pointi ishirini na moja. Ribaundi kumi na saba, nimezihesabu mara mbili nyumbani.

Nimejumlisha mistari yote na inafika sitini na nne. Hakuna pointi iliyopotea.

Mpe, au usimpe. Sikuombi uniambie atakachosema.

Kaka yako


5 Julai

Kaka, shikamoo.

Mama anasema kitenge kinafaa kwa mazishi ya mtu asiyempenda. Amekivaa siku tatu mfululizo.

Karatasi yako sikumpa mkononi. Niliiacha juu ya meza ya kupigia pasi, nikaenda kugawa shuka wodini, na nilichelewa makusudi. Niliporudi mashine ya pili ilikuwa inazunguka na yeye ameiegemea kwa bega, amenipa mgongo. Karatasi ilikuwa palepale, ila imegeuzwa. Sijamuuliza kitu na sijaongeza neno. Nakurudishia kama nilivyoikuta. Yaliyoandikwa nyuma kwa penseli ni mwandiko wake, na nayanakili hapa chini kwa sababu penseli hufutika njiani.

"Baba, ribaundi ni kumi na nane. Moja ya robo ya tatu hukuiandika. Ulikuwa umevua miwani."